Kutubu Kabla ya Kutumwa: Somo la Gahini

Uamsho wa Afrika Mashariki husimuliwa zaidi kama habari ya makutano na nyimbo, na watu husahau kwamba ulianza na watumishi wa kanisa wenyewe. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa hoi baada ya njaa kali iliyoikumba Rwanda. Huko Namirembe alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari. Walichokitafuta ni utakaso. Gahini nako, waliotikiswa mapema walikuwa wafanyakazi wa misheni. Watu walirudisha mali walizoiba, na wamisionari wakakiri kiburi cha rangi mbele ya Waafrika. Mwaka 1935 Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, shemasi na mkuu wa shule ya wainjilisti, alijitenga wiki nzima kuomba, kisha akawahimiza wenzake watubu. Alipofariki Januari 1936 alikuwa amejiandaa kuiuliza sinodi ya Uganda kwa nini kanisa limepoa, na kwa nini wanaoishi dhambini waziwazi wanakaribishwa mezani pa Bwana. Maswali hayo yaliwalenga wenye kanisa, wala si wapagani.

Wapo waliosema, na wangali wanasema, kwamba mkazo huo wa toba ulizaa majivuno na kuvuruga utaratibu. Ushahidi wanao: mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwamo, walifukuzwa kwa kukaidi katazo la ibada zao za alfajiri na mahubiri yao. Ni kweli pia kwamba baadhi ya walokole, yaani watu wa uamsho, waliwahukumu wachungaji wao kwa ukali. Lakini anayejivunia toba yake ameshaacha kumtazama Kristo, ameanza kujitazama mwenyewe. Kosa hilo haliifuti kanuni ya kutubu kabla ya kutumwa, linaithibitisha. Nagenda hakupata daraja la upadre, hata hivyo hakuanzisha kanisa lake. Aliendelea kuhubiri ndani ya Kanisa Anglikana hadi ng'ambo. Nchini Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, walokole wengi walikataa kiapo, na wengi wakakataa pia bunduki za serikali, ingawa msimamo huo uliwagharimu baadhi yao maisha. Cheo hakimpi mtu ujasiri wa namna hiyo. Aliyekwisha kufichuliwa na kusamehewa na Kristo hana heshima ya kuilinda, na ndiyo maana utumishi wake haununuliki wala hautishiki.