"Hapana" si "sikuweza": historia ya namba ambayo programu huiacha inapoondoka

Asubuhi moja ya mwaka 2019 nilitoka Kirumba kwenda Butembo, huku Kivu Kaskazini. Siku hizo za Ebola msafiri wa barabara ya RN2 hakuvuka kizuizi kabla ya kunawa mikono kwa maji ya klorini na kuelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso. Kirumba iko mlimani na baridi yake ya alfajiri inakata. Nami nilikuwa nimekaa juu ya mizigo ya lori, upepo wote usoni. Kijana wa kizuizi alininyooshea kipimajoto, kikalia, akanipungia mkono nipite. Nilikichungulia kioo chake. Hapakuwa na namba. Palikuwa na herufi mbili tu: "Lo".

Herufi hizo hazisemi kwamba huna homa. Zinasema kifaa kimekuta joto lililo chini ya kiwango kinachoweza kukisoma, kwa hiyo hakijapima kitu. Kijana yule simlaumu. Alifundishwa kuogopa namba kubwa, na pale hapakuwa na namba kubwa. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia jinsi vyombo vinavyotenganisha "hapana" na "sikuweza". Watengenezaji wa programu za kompyuta wamelihangaikia jambo hilo kwa zaidi ya nusu karne.

Programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi ikimaliza kazi huacha nyuma yake namba moja. Wewe uliyeketi mbele ya skrini kwa kawaida huioni. Anayeisoma ni programu iliyoiita, na ndiyo inayoamua kama kazi iendelee au isimame. Kwenye mashine kubwa za IBM, katika mfumo wa OS/360 uliotangazwa mwaka 1964, namba hizo zilikwenda nne-nne: 0 ni salama, 4 ni onyo, 8 ni kosa, kisha 12 na 16 kwa mabaya zaidi. Kuruka huko kulikuwa na faida ya kiufundi: agizo la kuhama lilichukua baiti nne, kwa hiyo fundi aliweza kuitumia namba yenyewe kuhesabia hatua katika orodha ya mahali pa kwenda.

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Murray Hill, Marekani, nao ukaifanya sifuri kuwa alama ya kufaulu. Mwanafunzi anayelisikia jambo hili mara ya kwanza hushtuka, maana shuleni sifuri ni aibu. Lakini kazi ikifaulu hakuna la kuuliza zaidi. Ikishindwa kuna sababu nyingi, na kila sababu inataka namba yake. Mwaka 1979, katika Toleo la Saba la Unix, programu ya kupokea amri iliyoandikwa na Stephen Bourne iliijenga lugha yake juu ya namba hiyo: ukiandika sharti, inaendesha amri uliyoitaja, inatazama imeacha namba gani, ndipo inachagua njia.

Ninayoipenda kuliko zote ni grep, programu ya Thompson ya kutafuta maneno ndani ya faili. Mwongozo wa Toleo la Saba unaipa majibu matatu. Neno likipatikana, 0. Lisipopatikana, 1. Kukiwa na tatizo, kwa mfano faili halifunguki, 2. Sasa chukua faili la majina ya watu waliokutana na mgonjwa wa Ebola, utafute humo jina la msafiri. Jibu la 1 linasema jina hilo halimo. Jibu la 2 linasema sijalisoma faili, sijui kama limo. Mtu akiandika programu inayosema "ikiwa si sifuri, mwache apite", ameyachanganya majibu hayo mawili, na programu yake itafanya kazi vizuri hadi siku faili litakapokosa kufunguka. Siku hiyo itawapitisha wote.

Huku kwetu jibu la tatu lilikuwa na uzito wa pekee. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, baada ya sampuli 4 kati ya 6 kuthibitishwa Kinshasa katika taasisi ya taifa ya utafiti, INRB. Haukupita muda mrefu, mashine za kupimia za GeneXpert zikasimikwa Beni, baadaye Butembo na kwingineko, na majibu yakawa yanatoka chini ya saa mbili tangu katriji yenye sampuli kuingizwa. Watu wa laboratwari, kama tunavyosema huku, hawakusoma majibu mawili tu kwenye skrini. Kulikuwa na "kuna virusi" na "hakuna virusi", lakini pia kulikuwa na matatu mengine: kipimo si halali, hitilafu, na hakuna matokeo. Ndani ya katriji mna kidhibiti kinachotafuta chembechembe za mwanadamu. Visipoonekana virusi, na chembechembe hizo nazo zisionekane, mashine hukataa kusema "hakuna virusi", kwa sababu pengine sampuli yenyewe haikuwa na kitu. Umeme ukikatika kipimo kikiwa katikati, jibu ni hakuna matokeo.

Familia iliyosimama nje ya uzio wa kituo ilitaka neno moja, ikaambiwa irudi kesho. Hata "hakuna virusi" haikutosha kama damu ilichukuliwa kabla ya saa 72 kupita tangu dalili kuanza. Ilibidi kupima tena. Katika mji ambao Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, kumwambia mtu "bado hatujui" kulihitaji ujasiri. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa kati ya wagonjwa 3,470.

Hilo la "jaribu tena" lina namba yake katika historia ya kompyuta. Eric Allman wa Berkeley, aliyeandika programu ya barua pepe ya sendmail, ndiye anayehusishwa na orodha ya namba za kushindwa inayoanzia 64, mbali na namba ndogo ambazo programu nyingine zilikuwa zikizitumia kila moja kwa maana yake. Namba 75 katika orodha hiyo ni kushindwa kwa muda. Barua haitupwi wala haihesabiwi kuwa imefika. Inabaki kwenye foleni ijaribiwe tena.

Si kila tundu limezibwa. Namba ya kutokea katika Unix ina nafasi ya 0 hadi 255 tu, hivyo programu inayotoa idadi ya makosa yake, ikipata makosa 256 kamili, huonekana imefaulu. Jingine ni la minyororo. Tangu 1973, kwa wazo la Doug McIlroy, programu huungwa kama mabomba, hii ikimwagia ile, na namba inayosomwa ni ya programu ya mwisho peke yake. Ya kwanza ikivunjika na ya mwisho ikapokea utupu na kuupanga vizuri, mnyororo mzima huhesabiwa kuwa salama. Dawa ilikuwapo kwa miaka mingi, ya hiari, lakini iliingia katika kanuni ya pamoja ya POSIX mwaka 2024 tu.

Ripoti zetu za magonjwa nazo ni mnyororo: kituo cha afya, zoni ya afya, jimbo, Kinshasa. Katika utaratibu ambao nchi za Afrika zilikubaliana Harare mwaka 1998 chini ya WHO, kituo ambacho hakikuona mgonjwa huandika 0 kila wiki, hakiachi nafasi wazi. Lakini tarehe 30 Juni 2024 wapiganaji wa M23 waliingia Kirumba, watu wengi wakiwa wamekwisha kukimbilia Lubero na Butembo.

Nimelishika daftari la muuguzi mmoja aliyekuwa miongoni mwa waliokimbia. Safu ya surua ina sifuri wiki baada ya wiki, kwa wino wa buluu. Kisha zinafuata wiki ambazo amezikata kwa mstari, hakuandika kitu. Nilimuuliza kwa nini hakujaza sifuri kama kwingine, maana ofisini wangempokea bila maswali.

"Papa, mimi sikuwapo," alinijibu. "Nitajuaje?"