Shujaa, Silaha na Uganga: Filamu za Gharama Ndogo na Simulizi la Mbegha wa Usambara

Filamu ya Uingereza iitwayo Hawk the Slayer, iliyoongozwa na Terry Marcel na kutolewa mwaka 1980, ni miongoni mwa filamu za upanga na uchawi zilizotengenezwa kwa fedha kidogo. Mna ndani yake ndugu wawili mahasimu, upanga wa kimiujiza na kundi dogo la masahaba. Ufundi wake ni duni. Hata hivyo imedumu, kwani wapenzi wake hawakuacha kuirudia na kuisimulia. Je, kinachodumu ni chombo, au ni usimulizi wake?

Milima ya Usambara ina jibu lililoitangulia sinema. Yasimuliwa kwamba Mbegha alizaliwa Ngulu akaota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kuwa kigego. Aliihama nchi yake, akaishi kwa kuwinda nguruwe mwitu, akiwa na mbwa, silaha na dawa za uganga. Wasambaa walipokea nyama yake, naye akapokea mazao ya mashamba yao. Alipomuua simba alipewa sifa ya Simbamwene, na hatimaye akatawala Vugha na kuasisi utawala wa Wakilindi.

Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja wa Mazinde, aliyaandika masimulizi hayo katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa na wamisionari wa Magila, J.W.T. Allen alikihariri mwaka 1962. Lakini chapa haikuyanyamazisha masimulizi ya mdomo. Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara katika miaka ya 1960, alikuta yangali yakisimuliwa kwa namna mbalimbali. Ndani yake mlikuwa na hoja nzito ya kisiasa: mwenye uganga wa mvua aweza kuiponya nchi, yaani kuzifya shi, na aweza pia kuidhuru, yaani kubana shi. Hivyo kila aliyemsimulia Mbegha alikuwa pia akimpima mtawala wa zama zake.

Hali kama hiyo ilionekana katika vibanda vya video vya Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitunga filamu za bei nafuu zenye mizimu na majini, zikiwamo Nsyuka na Shumileta. Jijini Dar es Salaam, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili huku akieleza, akitania na kuongeza yasiyokuwamo. Palipopungua fedha, sauti ilijaza.

Kwa hiyo mtafiti anayehifadhi kitabu au mkanda peke yake huhifadhi nusu ya kazi. Msimulizi akisahauliwa, Mbegha hubaki mwindaji aliyeua simba tu, na hoja ya watawaliwa juu ya mtawala wao hupotea pamoja na sauti iliyoibeba.