Anna Schwartz, mama aliyehesabu feza ya Marekani

Anna Jacobson Schwartz alikuwa mwanahistoria wa feza na mabanki. Alizaliwa New York, Marekani, tarehe 11 Novemba 1915, na alifariki tarehe 21 Juni 2012, akiwa na miaka 96.

Alimaliza masomo Barnard College mwaka wa 1934, kisha akasoma chuo kikuu cha Columbia. Toka 1941 alitumika kwenye National Bureau of Economic Research, shirika la utafiti wa uchumi, mpaka kufa kwake.

Pamoja na profesa Milton Friedman, alikusanya hesabu za feza iliyokuwa mikononi mwa raia na ile waliyoweka banki, toka 1867 mpaka 1960. Kitabu chao, A Monetary History of the United States, kilitoka mwaka wa 1963.

Kitabu hicho kinaeleza sababu gani uchumi wa Marekani ulianguka vikali kati ya 1929 na 1933. Banki moja ikifunga, raia walikimbilia ingine kutoa feza yao. Maelfu ya mabanki yakaanguka, na feza ya inchi ikapunguka zaidi ya theluthi moja. Bila feza, biashara ikasimama na watu wakakosa kazi. Banki kuu, Federal Reserve, ilikuwa na uwezo wa kuokoa hali, lakini haikufanya vya kutosha. Mwaka wa 2002, Ben Bernanke, mmoja wa wakubwa wa banki hiyo, alikubali wazi kwamba waandishi hao walisema kweli.

Wakongomani walioishi miaka ya 1990 wanajua upande mwingine: noti za zaire zilichapwa nyingi mno, zikapoteza bei. Feza ikikauka ao ikifurika, anayeumia ni raia.

Friedman alipata tuzo la Nobel mwaka wa 1976. Schwartz hakulipata, hata kama Friedman mwenyewe alisema mama huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa. Columbia ilimpa doktora mwaka wa 1964 tu, kisha kitabu kutoka.

Mwaka wa 2008 mabanki yalitikisika tena. Schwartz, akiwa na miaka 92, alionya kwamba dawa ya zamani haitatosha: safari hii feza haikukosekana, ila hakuna aliyejua banki gani ni nzima na gani imeoza ndani.