Kipima hewa ukaa cha kioo

Kipima hewa ukaa cha kioo ni chombo kidogo kinachobandikwa ndani ya tangi la samaki lenye mimea ili kuonyesha kiasi cha hewa ukaa iliyoyeyuka majini. Tumbo lake hutiwa maji yaliyotengenezwa kwa ugumu wa kabonati wa digrii 4, pamoja na matone machache ya bromothimoli ya buluu. Maji ya tangi lenyewe hayafai, kwani fosfeti na asidi zitokazo kwenye magogo hupotosha rangi. Chombo huzamishwa mdomo ukiwa chini. Hewa inayonaswa shingoni hutenganisha maji ya ndani na ya nje, na gesi pekee ndiyo huvuka.

Buluu ni upungufu, kijani ni takriban miligramu 30 kwa lita, manjano ni ziada inayohatarisha samaki. Rangi huchelewa saa moja hadi mbili, na hapo ndipo wengi hupoteza samaki: wanaona buluu asubuhi, wanafungua gesi zaidi, na madhara yanatangulia rangi. Kibandikwe kimo cha kati, mbali na kisambaza viputo, maana kiputo kikiingia mdomoni huharibu kipimo. Samaki wakianza kutweta juu ya maji, gesi ifungwe mara moja, hata kama rangi bado ni kijani.