Ruhusa ya Kupita Penye Maua: Meru, Cornwall na Namaqualand

Anayetoka Arusha mjini kwenda kuangalia maua ya Mlima Meru ana njia mbili. Moja ni ya gari: anashika barabara ya Moshi hadi Usa River, anakata kushoto kuelekea Ngongongare, na huko geti la Hifadhi ya Taifa ya Arusha linamtaka stakabadhi. Nyingine ni ya mguu: anapanda kutokea Tengeru au Ng'iresi kwa vijia vya migombani mpaka karibu na msitu, na huko anayemsimamisha ni bibi mwenye jembe begani, anayetaka kujua katoka wapi na kama wa nyumbani kwake hawajambo.

Waandishi wa safari hupenda kupima sehemu za maua kwa rangi na wingi. Kipimo hicho hakitufikishi mbali, kwa sababu maua hayakosi sifa popote yalipo. Kinachotenganisha mapokeo ya kutembea ni nani anatoa ruhusa ya kupita, na kwa sharti gani. Kwa kipimo hicho nauweka Mlima Meru, ulio mbali na bahari, kando ya pwani mbili zilizojijengea jina kwa maua: Cornwall ya Uingereza na Namaqualand ya Afrika Kusini.

Tuanze na gari. Hifadhi hii ilizaliwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, mlima wenyewe uliingizwa ndani yake na jina likabadilika. Barabara inapita pembeni ya uwanda wa Serengeti Ndogo kisha inagawanyika. Upande mmoja unapanda hadi ukingo wa kreta ya Ngurdoto, yenye upana wa kilomita 3 hivi, ambamo mgeni haruhusiwi kushuka. Anasimama juu, anawatazama nyati walioko chini, basi. Upande mwingine unakwenda kwenye maziwa ya Momella. Ubavu wa mashariki wa Meru ulipoporomoka maelfu ya miaka iliyopita, matope na mawe yalitapakaa bondeni na kujenga vilima, na maji yaliyotuama kati ya vilima hivyo vipya ndiyo maziwa haya ya magadi yanayovuta heroe. Kandokando ya barabara yanasimama maua ya rangi ya chungwa yaliyopangana kwa mafundo kwenye shina moja refu, na ndege chozi hawabanduki hapo. Aliye ndani ya gari huyaona kwa sekunde chache, vumbi la gari la mbele likimruhusu.

Anayeshuka kwenye gari ndani ya hifadhi hapewi uhuru wa peke yake. Anatembea na askari mwenye bunduki, maana nyati wa Meru hawana mzaha. Kijia cha kupanda kileleni kinapenya msitu wa mitarakwa na mipodo wenye mbega, kinafika kibanda cha Miriakamba kwenye mita 2,514, kisha kile cha Saddle kwenye mita 3,570. Huku juu miti inafupika, na panaonekana maua yenye petali kavu zinazochakarisha zikiguswa ingawa ua bado ni hai. Ukungu ukishuka yanajifunga. Jua likitoka yanafunguka tena. Kuyaona hayo yakijifunga kunahitaji mtu asimame, na kusimama kunategemea askari ameamua nini kuhusu kundi la nyati lililo mbele. Ruhusa ya hapa ina bei, ina saa na ina sare.

Kijia cha kijijini kina asili nyingine kabisa. Hakuna aliyekichonga ili watu waone maua. Kimetokana na nyayo za wanaofuata maji ya mfereji, wanaokwenda kanisani, na akina mama wanaoshusha mikungu ya ndizi kwenye soko la Tengeru siku ya Jumamosi. Maua yapo kwa sababu ya kazi. Masale yamepandwa kuonyesha mpaka wa kihamba. Kahawa, mvua za vuli zikiishaingia, huchanua shamba zima kwa mpigo: vishada vyeupe vinashika tawi kuanzia kwenye shina hadi nchani, harufu inajaa njia nzima, na baada ya siku chache petali zimekuwa kahawia. Mwenye shamba hazihesabu siku hizo kwa uzuri wake, anahesabu mavuno.

Ruhusa ya njia hii ni salamu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Mnaelekea wapi?" Swali hilo linafanya kazi ya geti. Ukilijibu vizuri unaonyeshwa pa kuvukia mfereji, pengine unapewa na mtoto wa kukusindikiza. Kwa Waarusha, upande wa magharibi wa mlima, mtoto atakuinamishia kichwa umguse utosini ikiwa umemzidi umri, na ukipita bila kumgusa umeonyesha kwamba hukulelewa. Tangu katikati ya miaka ya 1990 vijiji kama Ng'iresi, Ilkiding'a na Mulala vimekuwa vikipokea wageni kupitia mpango wa utalii wa kitamaduni; Mulala wanapitishwa hata kwa kikundi cha akina mama wanaotengeneza jibini. Mgeni analipa, ila malipo hayo hayamwondolei wajibu wa kusalimia.

Sasa Cornwall. Njia ya pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza ina urefu wa kilomita 1,014 hivi, kutoka Minehead hadi Poole Harbour, na sehemu yake kubwa inapita Cornwall. Mwezi Mei majabali yake yanavaa maua madogo ya waridi yanayostahimili chumvi ya bahari, na vichaka vya miiba vya rangi ya manjano. Nayo pia ilianza kama njia ya kazi. Walinzi wa pwani waliokuwa wakiwinda wafanya magendo walilazimika kuchungulia kila ghuba, ndiyo maana hadi leo kijia kinang'ang'ania ukingo wa jabali badala ya kukata moja kwa moja. Magendo yalipopungua, njia ikabaki kwa watembeaji.

Jambo la kuangalia hapo ni kwamba mtembeaji wa Cornwall haombi ruhusa kwa mtu yeyote. Anapita pembeni ya ng'ombe wa mkulima, anafunga lango nyuma yake, anaendelea. Uhuru huo ulipiganiwa. Mwezi Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, walipanda mlima Kinder Scout kaskazini mwa nchi bila idhini ya wenye ardhi, na watano wakafungwa jela. Mwaka 1949 ikaja sheria ya hifadhi za taifa na haki ya kufika mashambani. Sheria za huko zinakwenda mbali zaidi: njia iliyotumiwa na umma kwa miaka 20 mfululizo bila kuzuiwa inaweza kuhesabiwa kuwa ya umma, hata kama inapita shambani kwa mtu. Hasara yake ni ukimya. Mtu anaweza kuimaliza njia nzima asijue jina la familia hata moja inayolima ardhi aliyoikanyaga.

Namaqualand, kaskazini mwa Cape Town, inatawaliwa na gari. Mvua za baridi zikiwa za kutosha, nchi hiyo kame hufunikwa na maua ya jamii ya alizeti, ya chungwa na meupe, mwezi Agosti na Septemba. Maua hayo hufuata jua na siku ya mawingu hayafunguki, kwa hiyo wenyeji hushauri dereva aendeshe jua likiwa mgongoni mwake; akilielekea, atakuwa anayatazama visogo. Kusini zaidi, katika Hifadhi ya Taifa ya West Coast, eneo la Postberg hufunguliwa kwa miezi hiyo miwili tu, kisha linafungwa mpaka mwaka mwingine. Ruhusa ya huko inatoka kwenye majira.

Hata hivyo Namaqualand ina sura ya pili, na hapo ndipo inapokutana na Meru. Watu wa Richtersveld, Wanama wa kaskazini ya nchi hiyo, walinyang'anywa ardhi baada ya almasi kugunduliwa. Mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba wana haki ya kurejeshewa, na mwaka 2007 mandhari ya Richtersveld yenye mimea yake adimu iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ikiwa mali ya jamii yenyewe.

Meru ilikwisha kupitia unyang'anyi wa namna hiyo zamani. Ukitoka geti la Momella ukaendelea kaskazini unafika Ngarenanyuki. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza huko maelfu ya Wameru ili walowezi wapate ranchi, na nyumba zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudi na amri ya kurudishiwa ardhi, lakini kesi hiyo iliwafunza Watanganyika namna ya kudai, na miaka miwili baadaye chama cha TANU kikazaliwa. Kwa hiyo mzee wa upande huo akimuuliza mgeni anaelekea wapi, asidhaniwe ni mdadisi. Anajua ardhi inaweza kuondoka.

Haya hayamaanishi kwamba geti halifai kitu. Kitulo, kusini mwa Tanzania, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua yake, wakati ambapo viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kuvushwa kupelekwa Zambia kuliwa. Salamu peke yake isingewazuia wachimbaji hao. Lakini geti linalinda kilicho ndani yake tu, na sehemu kubwa ya vijia vya Meru iko nje.

Hapo ndipo udhaifu wa Meru ulipo. Salamu inafungua njia ikiwa mwenye kihamba ni jirani. Mji wa Arusha unapanda mlima, mashamba yanakatwa viwanja, na mnunuzi mpya anajenga ukuta wa tofali na geti la chuma. Ukuta hausalimiki. Mwingereza ana sheria ya kuuvunja ukuta wa namna hiyo. Mmeru ana desturi, na desturi isiyo na maandishi ni ngumu kuithibitisha mahakamani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Wengi hufikiria malisho, makaburi na visima. Vijia vya mfereji, vya kahawa na vya masale vinastahili kuingizwa humo pia, vikipimwa na kuandikwa, huku wanakijiji wakibaki na haki yao ya kumuuliza mgeni anaelekea wapi. Cornwall ingetuazima maandishi, nasi tungeiazima swali hilo. Uamuzi wenyewe ni wa mkutano mkuu wa kijiji, na unafaa kufanywa kabla kiwanja kinachofuata hakijapata mnunuzi.