Lenzi, Mlima na Jiko la Mama

Mwezi Julai 2022 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinijia kutoka Dar es Salaam akiwa amepakata mkoba mweusi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Baada ya kuamkiana na kunywa chai akaufungua. "Mjomba," akasema, "nimeazima lenzi hii kwa siku nne tu. Ijaribu, uniambie kama ninunue au niache."

Aliniletea mimi kwa sababu niliingia kazi ya picha mwaka 1974, katika studio moja ya mjini Moshi, nikaifanya mpaka macho yalipoanza kunisaliti. Lenzi yenyewe ilikuwa Nikkor Z ya milimita 50, f/1.2, iliyotoka mwaka 2020. Niliipokea kwa mkono mmoja nikalazimika kuongeza wa pili. Ina uzito wa gramu 1,090, na ndani yake mna vipande 17 vya kioo. Bei yake ilikuwa zaidi ya dola 2,000. Kwa fedha hizo mtu wa kwetu hununua ng'ombe wa maziwa, na chenji hubaki.

Nimweleze kidogo msomaji asiyeshika kamera. Lenzi ina tundu la kupitishia mwanga. Ukigawa urefu wa lenzi kwa upana wa tundu lake unapata ile namba ya f. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi hii ya milimita 50 hufunguka tundu la kama milimita 42, upana wa kuingiza yai la kuku. Inapokea mwanga zaidi ya mara mbili ya lenzi ya f/1.8, na mara kumi na moja hivi ya f/4. Ni lenzi ya mahali penye giza.

Kamera aliyokuja nayo ni ya aina hizi mpya zisizo na kile kioo cha ndani kilichokuwa kikipeleka taswira jichoni. Vijana hudhani jambo hili halijapata kuonekana duniani, ilhali Leica ya mwaka 1925 haikuwa na kioo hicho. Lililo jipya ni nafasi iliyopatikana. Katika kamera za Nikon za tangu mwaka 1959 lenzi ilikaa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, ili kioo kipate pa kunyanyukia. Sasa ni milimita 16 tu, na mdomo wa kamera umepanuliwa. Mafundi wakapata uhuru wa kutengeneza matundu makubwa ambayo zamani yalitoa picha za kufifia pembeni. Tena kamera yenyewe hulitafuta jicho la mtu na kulishika. Enzi zetu, kwa tundu kubwa kiasi hicho, ulilenga jicho ukapata sikio.

Asubuhi ya kwanza mpwa wangu alikimbilia nje kuupiga mlima. Mawingu yalikuwa yamepasuka, Kibo ikionekana kushoto na Mawenzi kulia, imechongoka kama meno mabovu. Nilicheka nikamwambia mlima hauhitaji lenzi yake. Una mwanga wa kutosha, na hautikisiki.

Nao umeshapigwa picha tangu zamani. Hans Meyer alipanda na kamera mwaka 1887, akarudi kwao bila kufika kileleni, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chenye picha 40. Kilele cha Kibo alikifikia tarehe 6 Oktoba 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler wakawa wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi, na katika safari hiyo Klute aliipima barafu ya mlima kwa njia ya picha, akachora ramani. Kwa kazi ya namna hiyo wataalamu walijua kwamba mwaka ule barafu ilifunika kilomita za mraba 12, na kwamba kufikia mwaka 2000 zilibaki chini ya 3. Mwaka 1930 Mswisi Walter Mittelholzer akaupiga kutoka ndani ya ndege. Ukitaka kujua sura ya barafu ya Kibo miaka mia moja iliyopita, utaambiwa.

Lakini ukitaka kujua bibi yako alikaa wapi alipokuwa anapika, hutaambiwa kwa urahisi namna hiyo.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na kwetu Old Moshi mwaka 1896, na kamera zilikuwa miongoni mwa mizigo yao. Picha zao nyingi zimehifadhiwa, na siku hizi mtu huweza kuzitazama. Nilikwisha kuzipitia jioni nyingi, miwani juu ya pua, nikitafuta nyumba. Nyumba nilizipata: zile za msonge, za nyasi tangu juu mpaka chini. Watu wamesimama mbele yake, juani, wamekunja nyuso. Nyuma yao mlango ni doa jeusi. Katika nilizoziona, waliokwenda ng'ambo ya doa hilo na kamera ni wachache mno.

Siwalaumu. Vioo vya picha vya siku zile vilikuwa vizito kuamka. Joseph Petzval alikwisha kubuni lenzi ya f/3.6 huko Vienna mwaka 1840, nayo ilipunguza sana muda wa kumkalisha mtu kwenye kiti, lakini ndani ya nyumba isiyo na dirisha hata hiyo ingetaka mtu asitikisike kwa muda mrefu. Ilikuwapo pia unga wa magnesiamu, uliotengenezwa Ujerumani mwaka 1887 ili kuwaka ghafla na kutoa mwanga mkali. Jacob Riis aliutumia kupiga picha ndani ya vyumba vya maskini wa New York. Haya, uwashe unga huo ndani ya nyumba ya nyasi, yenye ng'ombe upande mmoja na majani makavu upande wa pili! Hata mimi ningemwomba mwenyeji atoke nje.

Na ndivyo nilivyofanya. Hapo ndipo habari ya lenzi inaponigusa mwenyewe.

Mwaka 1980 nilikuwa na Zenit yenye lenzi ya f/2. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, nchi haikuwa na bidhaa, na filamu ilitafutwa kama sukari. Nilibakiwa na picha chache kwenye mkanda mmoja, nikapanda kwetu ili nimpige bibi yangu mzaa baba. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, anachochea moto chini ya chungu cha ndizi. Nikapima mwanga: robo ya sekunde. Kwa mkono mtupu, na mtu anayechochea moto, hiyo ni picha ya ukungu. Nikamwambia, "Bibi, toka nje kwenye jua, uvae na ile kanga mpya." Hakuinuka. Akaniambia, "Mimi niko hapa. Ukinitaka nipige hapa."

Nilifunga kamera. Nilihesabu kwamba picha iliyoharibika ni hasara, na filamu ile nikaimalizia kwenye harusi iliyolipa. Bibi alifariki mwaka 1981. Picha yake hatuna, hata ya ukungu. Mara nyingi nimeitafuta akilini ile picha ya robo sekunde ambayo sikuipiga: mikono ingekuwa imetoweka, uso umepaka, lakini chungu na mafiga vingetulia mahali pake, kwa kuwa havikutikisika.

Basi siku ya pili nilimwambia mpwa wangu tuache mlima, twende kwa mama. Mama yangu bado alikuwa akipikia jiko la kuni, ingawa sisi watoto tulikwisha kukubaliana kulivunja mwisho wa mwaka na kumwekea gesi. Moshi ulikuwa umemwingia kifuani. Jiko hilo si la msonge, ni la mbao na bati, lakini mpangilio ni uleule: mafiga katikati, kichanja cha kukaushia mahindi juu yake, vibuyu ukutani, kuni pembeni. Ilikuwa saa tatu asubuhi, baridi ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mle ndani hata kusoma gazeti ungepata taabu.

Nilikaa hatua moja mbele ya mama, nikafungua tundu lote, f/1.2, ISO 800, kasi ya sehemu moja ya 80 ya sekunde. Kamera ikalishika jicho lake bila hata kunisumbua. Nilipoitazama picha nyuma ya kamera nilinyamaza. Kila unyoya wa nyusi ulikuwapo, na cheche ndogo ya moto ndani ya mboni. Ngozi yake ilikuwa na rangi yake ya kweli, si lile jivu la picha zetu za flashi. Mpwa wangu alisogea akapiga mluzi. "Mjomba, ona boke hiyo!" Ni neno la Kijapani, vijana hulitumia kusifu jinsi vitu vya nyuma vinavyoyeyuka.

Kweli vilikuwa vimeyeyuka. Kwa umbali ule na tundu lile, sehemu iliyo kali ina kina cha sentimita tatu hivi, basi. Jicho ni wembe, sikio limeshalegea, na nyuma yake jiko zima lilikuwa uji wa kahawia wenye duara la rangi ya chungwa. Mama angeweza kuwa hotelini.

Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, kama mita mbili, nikabana tundu hadi f/5.6. Mwanga ukapungua zaidi ya mara ishirini. Ilinibidi kupandisha ISO mpaka 12,800, jambo ambalo katika enzi za filamu hatukuliota. Filamu yangu ya 1980 ilikuwa ya ISO 100. Picha ikatoka na chengachenga, kama ukuta uliopakwa chokaa kwa haraka. Lakini mafiga yalionekana, na kichanja, na kile kibuyu chenye ufa.

Hapo ndipo nilipopata jibu la mpwa wangu, na nilimpa bila kuzunguka. Lenzi ni nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Kwa mtu anayepiga mikesha, au harusi za ukumbini umeme unapokatika, itamlipa. Lakini sehemu kubwa ya muujiza tuliouona jikoni si yake, ni ya kamera: kutoka ISO 100 hadi 12,800 ni mara 128, na kutoka f/2 yangu hadi f/1.2 yake hazifiki hata mara tatu. Kampuni hiyohiyo ina lenzi ya f/1.8 yenye gramu 415, iliyouzwa wakati ule kwa takriban dola 600. Kwa f/5.6, mahali nilipoipata picha niliyoitaka, mtu hataona tofauti ya dola 1,400.

"Lakini ile ya jicho, Mjomba?" akauliza.

Ile ya jicho alikuwa na haki nayo. Tuliziosha zote mbili mjini, saizi ya kutundika, tukampelekea mama. Ya kwanza aliishika kwa muda, akaipangusa kwa upindo wa kanga kana kwamba ina vumbi. "Hapa ni kwa nani?" akauliza. Mpwa wangu akamwambia, "Ni hapahapa Bibi, jikoni kwako." Mama akatikisa kichwa, akaiweka mezani.

Ya pili aliipeleka kwenye mwanga wa mlango. Akaanza kuhesabu kwa kidole: chungu, mwiko, kichanja, mahindi ya mbegu, kibuyu cha marehemu mama mkwe wake. Huyo ni bibi yangu. Sikujua kwamba kibuyu chenye ufa kilikuwa chake; miaka yote nilikiona pale nisiulize.

Jiko lilivunjwa mwezi Desemba. Mpwa wangu alinunua ile ya f/1.8. Kibuyu mama alikataa kisiguswe na mafundi, akakibeba mwenyewe hadi nyumba kubwa, na kabla hakijatundikwa mahali papya aliniita nije na kamera.