Njia za Baisikeli za Lubumbashi

Njia za baisikeli za Lubumbashi ni vijia vyembamba vya udongo mwekundu vipitavyo katika misitu ya miombo iliyouzunguka mji huo wa mkoa wa Haut-Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulioasisiwa mwaka 1910 juu ya uwanda wenye kimo cha takriban mita 1,200. Havikupimwa na mhandisi, bali vimefanywa aghalabu na wachuuzi wa makaa, ambao husukuma baisikeli zilizosheheni magunia yaliyokazwa kwa kamba za mpira hadi sokoni. Vijia huzunguka vichuguu vya mchwa vilivyopita kimo cha mtu, mbali na malori ya madini ya barabara iendayo mji wa mpakani wa Kasumbalesa. Msafiri huvipita kwa raha wakati wa kiangazi, Mei hadi Septemba. Mvua huvigeuza matope. Kwa kuwa miti ya karibu imekwisha kukatwa kwa ajili ya makaa, vijia vinazidi kurefuka.